Ng'ombe Apigaye Pembe: Wajibu Wetu Mbele ya Gari Lenye Kasoro

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, Choma



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya usalama wa wasafiri, na hasa juu ya mabasi yanayotembea usiku yakiwa na taa mbovu. Najua baadhi yenu mtashangaa. Tumezoea kuisikia Haki na Amani ikizungumza juu ya mirathi ya wajane, migogoro ya wakulima na wafugaji, mauaji ya vikongwe, rushwa na uchaguzi. Taa za basi ni kazi ya fundi na polisi. Zinaingiaje katika semina ya Kanisa? Zinaingia kwa sababu zinaua, na kwa sababu mara nyingi, kabla hazijaua, kuna mtu aliyekwisha kujua kwamba ni mbovu. Juu ya huyo aliyejua ndipo ninapotaka tusimame leo. Nami nitaanza kwa kuwasimulia habari yangu mwenyewe, maana si haki kuhubiri juu ya dhambi ya wengine na kuificha ya kwangu.

1. JAMBO LILILONIPATA

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikirudi kutoka Singida. Basi lilichelewa kuondoka, na giza likatukuta bado tuko njiani. Nilikuwa nimepewa kiti cha mbele, karibu na dereva, kwa heshima ambayo watu wetu humpa padre. Tulipoianza mbuga ya Wembere, taa za mbele zikazimika zote mbili kwa ghafula. Dereva akapunguza mwendo, akaupiga kwa ngumi ubao ulio mbele yake, taa zikarudi. Baada ya kitambo zikazimika tena, akapiga tena. Abiria wa nyuma walicheka. Mmoja alisema basi hili limezoea viboko kama punda.

Nilimwuliza dereva kulikoni. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Padre, huu ni mwezi wa pili. Nimemwambia tajiri mara tatu. Fundi hugusa nyaya, taa hukaa siku mbili, kisha hufa tena. Wewe tuombee tu tufike salama."

Basi nikatoa rozari yangu, nikasali. Tulifika Igunga. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na dereva, nikaenda kulala. Sikumtafuta mwenye basi. Sikupita kituo cha polisi. Kesho yake nilikuwa na Misa, na keshokutwa nilikuwa na mkutano wa ujenzi wa nyumba ya masista, na jambo lile likanitoka akilini.

Siku kumi na moja baadaye niliitwa kwenye msiba. Mkulima wa pamba, baba wa watoto watano, alikuwa amegongwa jioni baada ya jua kuzama, akiwa juu ya baiskeli yake kandokando ya barabara kuu. Basi lililomgonga lilikuwa lile lile. Watu walioona walisema lilikuja likiwa giza, na kwamba taa ziliwaka baada ya kumgonga.

Nilimzika. Katika mahubiri nilisema yale ambayo mara nyingi husemwa: kwamba siku zetu zimehesabiwa, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mwenye basi alileta rambirambi na gunia la mchele. Dereva alikamatwa, akashitakiwa. Baada ya muda si mrefu basi lilikuwa barabarani tena.

Mwezi ulipotimia, mjane alikuja kuomba Misa ya kumwombea mumewe. Alipokwisha kuandikisha nia, aliniuliza, "Baba, lile basi halikuwa na taa. Hakuna aliyejua?" Sikumjibu siku ile. Nilikaa na swali hilo wiki nzima, kisha nikaenda nyumbani kwake nikamweleza ukweli. Alinyamaza muda mrefu. Hakunilaumu. Aliniomba jambo moja tu: kwamba nisiishie kuwaambia watu wasali kabla ya safari. Habari hii naisimulia kwa ruhusa yake.

2. USIKU ULIOFUNGULIWA

Jambo hili ni zito zaidi siku hizi kuliko wakati ule. Tangu miaka ya 1990 Serikali ilikuwa imeyazuia mabasi ya mikoani kusafiri usiku, kwa ajili ya ajali na ya majambazi. Mabasi yalilala njiani, na yaliyokutwa na giza yalikuwa yale yaliyochelewa tu. Mwaka 2023 zuio hilo liliondolewa, na mabasi yakaruhusiwa kusafiri saa 24. Sisemi kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya. Mgonjwa anayewahi rufaa Dar es Salaam, mfanyabiashara na mwanafunzi wamepata nafuu. Lakini barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza inapita Singida, Igunga na Nzega. Yaani inapita wilayani mwetu, na sasa inapitiwa usiku kucha. Kandokando yake wanatembea watu wetu, baiskeli zetu, mikokoteni yetu na ng'ombe wetu.

Tufanye hesabu ndogo. Basi haliruhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo huo wa halali, linakwenda mita 22 kwa kila sekunde. Taa zikizimika kwa sekunde tatu tu, muda wa kutamka Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi limekwenda mita 66 bila dereva kuona kitu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Hata taa zikiwa nzima, zikishushwa ili kumstahi anayekuja mbele, humulika kiasi cha mita 40 hadi 60. Gari dogo lenye breki nzuri na linalokwenda mwendo huo huhitaji zaidi ya mita 50 ili lisimame. Basi lenye abiria na mizigo huhitaji zaidi. Kumbe hata mwenye taa nzima anasafiri ukingoni mwa hatari. Mwenye taa mbovu amekwisha kuuvuka ukingo huo.

Tena kasoro za taa ni za namna nyingi, nami nitataja tatu ambazo kila mmoja wetu anaweza kuziona bila kuwa fundi. Ya kwanza ni taa zinazozimika na kuwaka, kwa sababu ya nyaya zilizolegea au swichi iliyoungua. Ya pili ni gari lenye jicho moja. Kwa mbali huonekana kama pikipiki. Mwenye baiskeli hulipisha nafasi ya pikipiki, kumbe linalokuja ni basi zima. Ya tatu ni taa zilizotengenezwa kwa nchi ambazo magari hupita upande wa kulia. Taa hizo, hata zikishushwa, hurusha mwanga wake mrefu upande wa kulia. Katika nchi yetu, ambako tunapita kushoto, upande wa kulia ndiko anakotoka mwenzako. Basi mwanga wote unamwingia machoni, naye haoni tena njia yake.

Serikali imefunga ndani ya mabasi chombo cha kufuatilia mwendo, nayo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, huweza kuona ni basi gani limekwenda kasi na wapi. Ni kazi njema. Lakini chombo kile huona mwendo, hakioni taa. Taa huonwa na dereva, kondakta, abiria wa kiti cha mbele, na mtu anayetembea kandokando ya barabara. Yaani huonwa na sisi.

3. SHERIA YA NG'OMBE

Ndugu zangu, ninyi ni watu wa ng'ombe, kwa hiyo Maandiko yatakayofuata mtayaelewa kuliko wengi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Musa anaweka sheria juu ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe hata akafa. Sheria hiyo inatofautisha mambo mawili. Kama ng'ombe huyo hakuwa na desturi ya kupiga pembe, ng'ombe atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimfunge, basi damu ya aliyekufa iko juu ya mwenye ng'ombe.

Tazameni hekima iliyomo. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile, na kifo ni kile kile. Kinachobadilisha hukumu ni kujua. Siku mwenye ng'ombe alipoonywa, ajali iligeuka kuwa hatia, hata kabla mtu hajafa. Vivyo hivyo kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza mtu anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, mahali watu walipokuwa wakipunga upepo, ili mtu akianguka isiwe damu juu ya nyumba yake. Mungu hakusema, "Jengeni, kisha salini watu wasianguke."

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kuifafanua amri ya tano, inafundisha kwamba kumweka mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito ni kosa dhidi ya amri hiyo, na katika namba 2290 inawataja waziwazi wanaohatarisha maisha ya watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi. Sioni njia ya kumwacha nje ya mafundisho hayo mtu anayelipeleka barabarani basi ambalo anajua halina taa.

Hapa hatuna budi kuukosoa msemo mmoja tuupendao: kwamba ajali haina kinga. Ziko ajali ambazo kweli hazina kinga. Mti ukimwangukia mtu katika tufani, tutalia na kunyamaza. Lakini tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilipoteza breki huko Igandu mkoani Dodoma, ikarudi nyuma na kugongana na treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Wengi wa mikoa yetu hii ya reli ya kati walipoteza ndugu. Je, breki hazina kinga? Taa hazina kinga? Kinga yake ni fundi, bisibisi, waya mpya na dakika chache za ukweli. Tunapoiita kazi ya Mungu ile ambayo ni kazi ya mikono ya watu wavivu au wachoyo, hatumtukuzi Mungu, tunamsingizia.

4. MWITO WA KUYARUDISHA MAGARI

Pengine mtu atasema: haya ni mawazo ya mapadre, biashara haiendeshwi hivyo. Basi napenda mjue kwamba mataifa yanayotengeneza magari yana utaratibu unaofanana sana na sheria ile ya ng'ombe. Kiwanda kikigundua kwamba magari ya namna fulani yametoka na kasoro ya hatari, iwe ya taa, ya breki au ya usukani, kinapaswa kuitangaza. Kila gari lina namba yake ya chesisi iliyopigwa chapa katika chuma. Kiwanda hutaja namba zinazohusika, huiarifu serikali, huwaandikia wenye magari barua ya kuwaita warudi, kisha hutengeneza kasoro hiyo bure. Marekani iliiwekea jambo hili sheria mwaka 1966, na Japani nayo ina utaratibu wake tangu miaka ile ya 1960. Huitwa basi dogo na basi kubwa, gari la tajiri na la maskini.

Kiwanda kinachoita magari yake yarudi kinajivua nguo mbele ya watu. Kinakiri: tulikosea, kosa ni letu, gharama ni yetu. Sisi tunaoingia katika kiti cha kitubio tunaijua njia hiyo: kujichunguza, kukiri, kulipa madhara. Na kama ilivyo katika kitubio, jaribu kubwa ni kuficha.

Mwaka 2000 kampuni ya Mitsubishi Motors ya Japani ilikutwa katika aibu. Mtu ambaye hakutaja jina aliiarifu serikali, na wakaguzi walipofika walikuta malalamiko ya wateja yamefichwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Kampuni ikakiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikificha kasoro na kuzitengeneza kimyakimya bila kuwaita wenye magari. Ungedhani ingekoma. Lakini mwezi wa Januari 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu la lori lililotengenezwa nayo lilichomoka likiwa safarini, likamwua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Kampuni ilisema kosa ni la wenye lori, kwamba hawakulitunza. Mwaka 2004 ndipo ilipokiriwa kwamba habu zenyewe, chuma kinacholishika gurudumu, zilikuwa na udhaifu. Malori yakaitwa yarudi, na wakuu wakapelekwa mahakamani. Mama wa Yokohama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nako Marekani, mwaka 2014, kampuni ya General Motors iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia iliyokuwa ikiteleza na kuizima injini gari likiwa katika mwendo. Ilibainika kwamba wahandisi wake walikuwa wakiijua kasoro hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Swichi ni kitu kidogo kuliko kidole.

Wahenga wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Nawaomba muone pia upande wa matumaini. Kule Japani aliyeifungua siri hakuwa waziri wala mwandishi mashuhuri. Alikuwa mtu mmoja aliyejua, akakataa kunyamaza.

5. BARUA ISIYOFIKA CHOMA

Sasa turudi kwetu. Magari mengi tunayopanda yaliwahi kutumika nchi nyingine kabla ya kuletwa hapa. Kiwanda kikiandika barua ya mwito, humwandikia mwenye gari anayemjua, aliyemo katika kumbukumbu za nchi ile. Barua inafika Nagoya au Osaka, kwa mzee aliyekwisha kuliuza gari lake zamani. Gari lenyewe liko Igunga, limebeba watu na kuku na magunia ya mpunga. Tena yako mabasi ambayo chesisi imetoka kiwanda kimoja, bodi imejengwa mahali pengine, na nyaya zimeunganishwa na fundi wa tatu. Kasoro ikitokea, kila mmoja atamnyoshea kidole mwenzake.

Sisemi kwamba nchi yetu haina sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imetoa njia ya bidhaa za hatari kurudishwa zilikotoka. Polisi wa usalama barabarani wanakagua, na LATRA inatoa leseni na kuzifuta. Lakini ofisi ziko mbali, wakaguzi ni wachache, na ukaguzi mwingi hufanywa mchana, wakati ambapo hakuna anayekumbuka taa. Kwa hiyo barua ya mwito, ili ifike hapa, yahitaji kuandikwa na watu wa hapa.

Tunaishi katika nchi ya misafara. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo mabegani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na kutoka Tabora hadi Ujiji, hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Njia ile ilipitiwa na pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, na watumwa, hatuisifu yote. Lakini jambo moja la wapagazi tunaweza kulirithi. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba, kirangozi akiwa mbele. Aliye nyuma, mwenye mzigo kichwani, hakuweza kuona shimo lililo mbele. Usalama wake ulitegemea neno lililopitishwa toka kinywa hadi kinywa. Mtu mmoja akinyamaza katikati ya msafara, wote walio nyuma yake wamekuwa vipofu. Katika safari ile ya Wembere, mimi ndiye niliyenyamaza katikati ya msafara.

6. UZITO WA KUSEMA

Nisiwafanye mdhani kwamba kusema ni kwepesi. Dereva anayekataa kuliondoa basi bovu anajua kwamba nje ya geti wako vijana kumi wenye leseni wanaongoja nafasi yake. Ana watoto na kodi ya nyumba. Mwenye basi naye, mara nyingi, si mkatili. Amekopa benki, na basi likilala gereji siku mbili, deni halilali. Abiria amekwisha kulipa nauli, ana mgonjwa au msiba mbele yake, na mtu akisema safari iahirishwe hadi taa zitengenezwe, abiria ndio wa kwanza kumzomea. Fundi analipwa kidogo na kuambiwa, "Gusa tu, ifike kesho." Askari naye hushawishiwa.

Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu ina ukweli ndani yake. Lakini yule mwenye baiskeli hakuwa na nafasi katika hesabu ya yeyote. Hakupanda basi, hakulipwa na basi, hakukopa benki. Alikuwa anarudi nyumbani. Katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi nao bila shaka walikuwa na sababu nzuri za kuharakisha. Bwana wetu hakutuambia sababu hizo. Alituonyesha tu yule aliyelala kando ya njia.

Tukatae pia njia nyingine mbaya. Basi likigonga mtu, watu wetu huwa wepesi kumpiga dereva au kulichoma gari. Wengine, Mungu atusamehe, hupora mizigo ya majeruhi. Hiyo si haki. Kumpiga dereva aliyekwisha kumwonya tajiri wake mara tatu ni kuua mara ya pili na kuuacha mzizi mahali pake.

7. TUFANYE NINI?

Bwana wetu Yesu Kristo, katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, ametuachia utaratibu wa kumwonya ndugu aliyekosa: kwanza peke yenu wawili; asiposikia, pamoja na mtu mmoja au wawili wengine; asiposikia bado, mbele ya jumuiya. Napendekeza tuufuate utaratibu huo huo.

Kwanza, tuanze nyumbani. Magari ya parokia, ya shule zetu na ya zahanati zetu yakaguliwe taa na breki kabla hatujamnyoshea mtu kidole. Tuache kuwapakia wanakwaya nyuma ya lori usiku. Nasi wenye baiskeli na mikokoteni tuweke taa au vipande vinavyong'aa, ili tuonekane.

Pili, abiria aangalie kabla ya kupanda. Kama safari ni ya usiku, zunguka mbele ya basi, omba taa ziwashwe. Uliza kwa adabu: "Ndugu dereva, taa ziko sawa?" Dereva mwema atafurahi kupata shahidi. Tena mkiuliza watu kumi, tajiri atasikia.

Tatu, kila jumuiya iwe na daftari. Mwanajumuiya akiona basi lenye taa mbovu, aandike siku, saa, mahali, namba ya gari na kasoro aliyoiona kwa macho yake. Tusiandike uvumi, wala tusimsingizie mtu kwa sababu ya ugomvi wa biashara. Wapatikane mashahidi wawili, kama Maandiko yanavyotaka.

Nne, mjumbe wa Kamati amwendee mwenye basi, au ampigie simu, amweleze kwa heshima, na aandike kwamba amemweleza. Siku hiyo mwenye ng'ombe amekwisha kuonywa. Wengi watatengeneza mara moja, maana wengi ni watu wa haki wanaodanganywa na wasaidizi wao. Asipotengeneza, waende wawili au watatu. Asiposikia bado, daftari lipelekwe kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya na kwa LATRA. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji Huduma za Usafiri Ardhini, lililowekwa kisheria kwa ajili ya malalamiko ya watu kama sisi.

Tano, tuwalinde madereva na mafundi wanaosema kweli. Dereva mmoja akikataa, hufukuzwa. Wakikataa wote kwa pamoja, na jumuiya ikiwa nyuma yao, basi litatengenezwa. Akifukuzwa kwa ajili ya kukataa kuua, ni mtu wetu, na njaa ya watoto wake ni yetu.

Sita, wenye mabasi walio waamini. Nasema nao kama ndugu. Wewe ndiwe kiwanda chetu cha karibu. Liite basi lako lirudi kabla hujaitwa wewe. Siku mbili za gereji ni hasara, nakubali. Lakini hakuna gunia la mchele linalolipa baba wa watoto watano.

8. MWISHO

Ndugu wapendwa, lile basi nililolisimulia, nilipokwenda baadaye kumwona mwenyewe na kumweleza niliyoyaona, alikaa kimya, kisha akasema, "Padre, mbona hukuniambia wakati ule? Dereva huyu hulalamika kila siku, wewe ningekusikia." Sijui kama alisema kweli, au alitafuta wa kugawana naye mzigo. Lakini sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Tangu siku ile hakuna gari bovu nililolipanda nikanyamaza. Mara mbili nimeshushwa njiani kwa ajili hiyo, na mara moja nimekosa Misa ya jubilei ya rafiki yangu. Sijajuta.

Tuendelee kusali kabla ya safari. Tumwombe Mungu atulinde, na tumwombe pia atupe ulimi. Yule mjane bado yuko kati yetu, na watoto wake wanasoma. Tukiondoka hapa tukiwa na madaftari, atakuwa amejibiwa.

Tumsifu Yesu Kristo.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Je, umewahi kupanda gari ukijua lina kasoro ya hatari, ukanyamaza? Ni kitu gani kilikuzuia kusema?

2. Someni Kutoka 21:28-32. Katika eneo letu, ni "ng'ombe" gani ambao wenyewe wamekwisha kuonywa? Je, ni magari tu, au yako pia madaraja, visima na majengo?

3. Katika misiba yetu tunasema "kazi ya Mungu haina makosa". Ni wakati gani maneno hayo ni faraja ya kweli, na ni wakati gani yanaficha kosa la mtu?

4. Dereva wa jumuiya yenu akifukuzwa kazi kwa kukataa kuendesha basi bovu, jumuiya itafanya nini katika wiki ya kwanza? Na katika mwezi wa tatu?

5. Nani atalitunza daftari la jumuiya yenu, na lini litaanza?